Lenzi za Kutumia na Kutupa: Ipi ya Kuchagua?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kabasa, Bunda)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze, haikuniachia nichague mada. Iliniletea swali. Chama chetu kimepokea pendekezo kwamba fedha za mfuko wa mwaka huu zitumike kuwanunulia lenzi za macho wanafunzi wanne ambao hawaoni ubaoni. Waliotoa pendekezo hilo wana sababu zao. Wanasema miwani huvunjika mpirani, hupotea bwenini, na mwenye kuivaa huitwa "profesa" hata kama ni wa mwisho darasani. Wanasema pia kwamba siku hizi ziko lenzi za kutumia na kutupa, ambazo hazina taabu ya matunzo. Kamati inauliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, zinunuliwe zipi?

Nimefanya kazi ya kupima macho kwa miaka mingi, kwanza Mwanza na baadaye Dar es Salaam, kwa hiyo swali hili si geni kwangu. Nitalijibu kwa kirefu kidogo, maana wapo humu ndani wenzangu wanaotaka lenzi kwa ajili yao wenyewe au kwa binti zao, na tangu asubuhi wamekuwa wakinivuta kando. Jibu langu kwa ufupi ni hili: lenzi huchaguliwa kwa kutazama maji unayonawia mikono, vumbi unalopita, saa unazolala, na umbali wa kumfikia daktari wa macho. Bei ya boksi na rangi ya lenzi hufuata nyuma. Mtu wa Kabasa na mtu wa London wanaweza kuwa na macho yenye vipimo sawasawa, lakini hilo halitoshi kuwafanya wanunue lenzi za namna moja.

Lenzi hizi ni kitu gani?

Lenzi ya jichoni ni kipande chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Hukaa juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kikielea juu ya machozi. Kazi yake ni ile ile ya miwani: kuipinda nuru ili ikutane mahali panapostahili nyuma ya jicho.

Lenzi za mwanzo zilikuwa za kioo, zikafuatiwa na za plastiki ngumu. Lenzi laini tunayoijua leo ilitokana na kazi ya mwanakemia wa Chekoslovakia, Otto Wichterle. Wakubwa wake walikwisha kuisimamisha kazi hiyo, naye akaiendeleza nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1961 aliunda mashine juu ya meza ya jikoni kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli, akapata lenzi laini zinazovalika. Vijana wa sayansi, kumbukeni habari hii siku mtakapoambiwa maabara haina vifaa.

Lenzi laini zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971. Jozi moja ilivaliwa kwa muda mrefu, ikisafishwa kila siku, lakini hata hivyo mafuta na protini za machozi ziliganda juu yake, na macho yakawasha. Ndipo likaja wazo la kuitupa lenzi kabla haijachakaa. Mwaka 1987 kampuni ya Johnson & Johnson ilianza kuuza huko Marekani lenzi za Acuvue za kuvaa siku chache na kutupa, na katikati ya miaka ya 1990 zikaenea za siku moja.

Neno hili "kutupa" limewapotosha wengi. Mtu husikia kutupa akadhani ni kitu kisichotaka uangalifu, kama gazeti lililokwisha kusomwa. Kumbe hutupwa kwa sababu jicho ni kiungo kisichovumilia uchafu.

Siku moja, majuma mawili, au mwezi

Ziko namna tatu kubwa. Ya kwanza ni lenzi ya siku moja: waifungua asubuhi, waivua jioni, waitupa. Haitaki dawa ya kuoshea wala kikopo cha kuhifadhia. Ya pili ni ya majuma mawili, na ya tatu ni ya mwezi. Hizi mbili huvuliwa kila usiku, husuguliwa kiganjani kwa dawa yake maalumu, kisha hulazwa katika kikopo chenye dawa mpya mpaka asubuhi. Dawa ya jana haiongezewi ya leo, humwagwa yote. Kikopo nacho hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu angalau.

Liko jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Muda wa lenzi huhesabiwa tangu siku ile ulipokifungua kifuko chake. Lenzi ya mwezi iliyofunguliwa tarehe 1 itatupwa mwisho wa mwezi, hata kama umeivaa mara tano tu. Lenzi ya siku moja hairudiwi kesho, hata kama uliivaa saa mbili. Haikutengenezwa ili ioshwe.

Sasa tupige hesabu. Mtu anayevaa kila siku ya mwaka atatumia lenzi 730 za siku moja, au 52 za majuma mawili, au 24 za mwezi. Akiziona tarakimu hizo, mara moja hukimbilia za mwezi. Lakini asisahau chupa za dawa na vikopo, ambavyo navyo ni fedha, na ambavyo huku kwetu havipatikani katika kila duka la dawa. Dawa ikimwishia Jumatano, na basi la kumletea nyingine ni la Jumamosi, atafanya nini siku hizo tatu? Wengi hutia maji. Hapo ndipo balaa huanzia.

Na kwa mtu asiyevaa kila siku, hesabu hugeuka. Tuseme mwanafunzi anavaa lenzi siku mbili za mpira kwa juma, katika majuma 40 ya masomo. Huyo atahitaji lenzi 80 kwa kila jicho. Boksi la kawaida lina lenzi 30, kwa hiyo atahitaji maboksi 3 kwa kila jicho, jumla 6 kwa mwaka. Akinunua za mwezi, atalipia siku 30 na kuvaa siku 8 au 9, juu yake aongeze dawa. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Maji na usingizi

Nimefika penye kiini cha maneno yangu. Konea haina mishipa ya damu, maana ingekuwa nayo tusingeona kitu. Kwa hiyo hewa yake ya oksijeni huipata moja kwa moja kutoka nje, kwa kupitia machozi. Ukiifunika kwa lenzi, umeipunguzia hewa. Ukifunga macho na kulala nayo, umeipunguzia zaidi, na vijidudu vilivyonaswa kati ya lenzi na jicho hupata mahali pa kustawi.

Hili si jambo la kukisia. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba katika kila wavaaji 10,000 wa lenzi laini wanaozivua usiku, wapatao 4 kwa mwaka walipata kidonda cha konea kilichoingia vijidudu. Kwa wenye lenzi za kulala nazo, walikuwa wapatao 21. Baadaye, kuanzia karibu mwaka 1999, zikaja lenzi zilizochanganywa na silikoni, ambazo hupitisha oksijeni nyingi kuliko zile za haidrojeli ya kawaida. Watu wakafikiri hatari ya kulala nazo imekwisha. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba wanaolala na hizo za silikoni waliougua walikuwa bado wapatao 25 katika kila 10,000. Silikoni ni nzuri kwa mtu anayevaa saa nyingi za mchana, lakini haikumpa ruhusa ya kulala.

Utafiti huo wa Australia una somo jingine. Wavaaji wa lenzi za siku moja waliougua walikuwa wapatao 2 katika kila 10,000, sawa tu na wenzao wa lenzi laini za kawaida wanaozivua usiku. Kwa hiyo msidanganywe kwamba lenzi ya siku moja haileti ugonjwa. Tofauti ni kwamba waliougua wakiwa na lenzi za siku moja walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupoteza uwezo wa kuona. Kwa mtu aliye mbali na hospitali kubwa, tofauti hiyo ina thamani kubwa.

Nimemtibu kijana mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, mchana kutwa na usiku, lenzi zake za mwezi zikiwa machoni. Alilala nazo njiani. Alipofika, jicho liliwasha, akazitoa, akazisuuza kwa maji ya chupa ya kunywa, akazirudisha. Siku ya tatu aliletwa kwetu akiwa ameshikwa mkono, na juu ya konea pana doa jeupe kama punje ya mchele. Jicho lilipona, lakini kovu lilibaki katikati ya njia ya nuru. Kwa jicho hilo leo aweza kuuona mkono ukipungwa, basi. Kijana huyo alikuwa na akili timamu na elimu ya kidato cha sita. Aliyemuuzia lenzi hakumweleza habari za maji.

Basi nasema wazi: maji hayakutani na lenzi. Si ya bomba, si ya kisima, si ya tangi la bati, si ya ziwa, wala yaliyochemshwa kwa ajili ya kunywa. Ndani ya maji baridi ya duniani kote huishi kiumbe aitwaye akanthamiba, wa jamii ya amiba mnayoisoma katika Baiolojia. Akiingia katika konea huitafuna polepole kwa maumivu makali, na dawa zake ni ngumu kupatikana. Akijificha katika ganda lake, hata klorini ya kawaida haimwui. Kwa hiyo usioge wala usiogelee na lenzi, iwe ni bafuni au katika Ghuba ya Speke. Mate pia yasitumike; kinywa kina vijidudu vingi.

Mikono huoshwa kwa sabuni, lakini ikaushwe kabisa kwa kitambaa safi kabla ya kugusa lenzi, ili tone la maji lisiingie jichoni. Na hapa faida ya lenzi ya siku moja huonekana. Ikianguka uwanjani katika vumbi letu, waitupa. Huna haja ya kutafuta cha kuisuuzia. Jioni huna kikopo cha kuosha wala dawa ya kuulizia madukani. Hatua za kukosea zimepungua.

Umbo na rangi

Baada ya muda huja umbo. Ziko lenzi za kawaida kwa asiyeona mbali au asiyeona karibu. Ziko za toriki kwa mwenye astigmatizimu, yaani ambaye konea yake imebonyea upande mmoja kama yai badala ya kuwa duara kama mpira. Hizi zimetengenezwa zisizunguke jichoni. Na ziko za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, ambazo zawahusu wenzangu tuliopita umri wa miaka 40, ambao nimewaona asubuhi hii wakiisoma ratiba kwa kuinyosha mkono wote. Wengine hupewa lenzi ya mbali jicho moja na ya karibu jicho la pili. Ubongo wa wengine huzoea, wa wengine hukataa. Hujaribiwa kwanza kabla ya kununuliwa.

Msichukue cheti cha miwani mkanunulia lenzi. Miwani hukaa mbele ya jicho kwa kiasi cha milimita 12, na lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe. Mwenye miwani ya -6.00 huhitaji lenzi ya karibu -5.50. Zaidi ya nguvu, kifuko cha lenzi huandikwa mviringo wake wa ndani, kwa mfano 8.5, na upana wake, kwa mfano 14.2, vyote kwa milimita. Lenzi inayobana hulinyima jicho machozi; iliyolegea huhama kila ukipepesa. Vipimo hivyo huchukuliwa na mtaalamu wa optometria au daktari wa macho, naye huitazama lenzi ikiwa jichoni. Soma pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na uhakikishe kifuko hakijafunguka.

Kuhusu lenzi za rangi, za kupata "macho ya paka" siku ya mahafali au ya arusi, nitasema machache. Huuzwa pamoja na hina na kucha za bandia, hazina kipimo, na nimeziona zikipokezanwa na wasichana watatu mbele ya kioo kimoja. Marekani ilitunga sheria mwaka 2005 kwamba hata lenzi ya urembo ni kifaa cha tiba na haiuzwi bila cheti cha mtaalamu. Wamejifunza kwa macho ya vijana wao. Lenzi ya mtu mmoja haivaliwi na mwingine, hata kama ni pacha wake.

Nani asivae, na jicho likiwa jekundu

Wako watu ambao nawashauri waridhike na miwani: mwenye mzio wa macho unaowasha kila mara, ambao ni wa kawaida kwa watoto wetu, mwenye makovu ya trakoma au vikope vilivyopinda kuelekea ndani, mwenye macho makavu, na mwenye kazi ya vumbi na moshi, kama vile kwenye mashine ya kusaga, kuchomelea vyuma, au kuendesha pikipiki bila kinga ya macho. Zaidi ya hao, yeyote asiyeweza kunawa kwa sabuni kila asubuhi na kila jioni.

Mvaaji akiona jicho limekuwa jekundu, linauma, linaogopa mwanga, au haoni sawasawa, avue lenzi papo hapo, asiirudishe, na aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na lenzi ile mkononi. Asinunue matone dukani kwa kubahatisha, kwani yako matone yenye steroidi ambayo huondoa wekundu huku yakiacha ugonjwa ukila ndani. Wala asitiliwe dawa za majani. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 uliona kwamba karibu robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea walikuwa wamekwisha kutiliwa dawa za kienyeji jichoni. Kwa kidonda cha konea, siku moja ya kungoja ni siku nyingi. Na kutoka hapa hadi Mwanza ni saa kadhaa za basi.

Ushauri wangu kwa chama

Ndugu Mwenyekiti, sasa nalijibu swali la kamati.

Kwanza, wasipimwe wanafunzi wanne tu. Darasani hugundulika yule anayekaza macho. Yule aliyekata tamaa hagunduliki, huitwa mvivu. Chati ya herufi ukutani, mita 6 kutoka kwa mwanafunzi, na mtumishi wa macho kutoka hospitali, kazi ya siku chache itatuonyesha wote.

Pili, kila atakayeonekana ana tatizo apewe miwani kwanza, yenye fremu imara na kamba ya kufunga kichwani. Hata mvaaji wa lenzi lazima awe na miwani, la sivyo siku jicho likiwa jekundu atakuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuvaa lenzi juu ya ugonjwa, au kukaa darasani haoni. Na kwa wanaowaita wenzao "profesa", naomba walimu wawape kazi ya kufuta ubao.

Tatu, lenzi zinunuliwe kwa wachezaji peke yao, za siku moja tu, kwa siku za mpira tu, baada ya mzazi kuridhia na mtoto mwenyewe kuonyesha mbele ya mtaalamu kwamba aweza kuvaa na kuvua bila msaada. Za mwezi zisiletwe bwenini kabisa. Na ifahamike kwamba lenzi haimkingi mtu na kiwiko cha mlinzi wa upande wa pili.

Nne, pamoja na fedha za lenzi itengwe fedha ya kuwapima tena kila mwaka, na nauli ya dharura ya kumfikisha mtoto kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo jicho litakapoumia. Nalitilia mkazo jambo hili la nne kuliko yote. Ikiwa mfuko hautoshi kwa lenzi na nauli kwa pamoja, basi lenzi zisinunuliwe, na fedha yote iende kwenye miwani. Tulikusudia kuwasaidia watoto hawa waone ubaoni. Tusije tukawapa kitu kizuri kisha tukawaacha peke yao nacho.

Wale waliokuwa wakinivuta kando, nitakuwa chini ya mwembe baada ya chakula. Njooni na cheti cha vipimo, na mje mmenawa mikono.